Figa la Tatu

Mtu asiye na hatia hupiga kelele, na mwenye hatia hupiga hesabu. Mkata miti aliyekaa mbele ya Inspekta hakupiga chochote. Hii ilikuwa siku yake ya pili mahabusu. Mikono ilikuwa juu ya meza, vidole vimejaa makovu ya msumeno, na kila alipoulizwa jambo alitazama ukuta.

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mzito wa hatua na mzito zaidi wa kuamua. Vijana wa kituoni walimwita Polepole asipokuwepo. Alikuwa anajua, na hakuona kama ni tusi.

"Nakusomea tena," alisema, akafungua jalada. "Jumanne, saa nane mchana. Kaka yako, fundi mwashi mstaafu, amekaa kwenye benchi uani kwake, chini ya mzambarau. Hakuna upepo. Tawi linavunjika, linamwangukia, anafia hapohapo. Siku nne kabla ya hapo, wewe ulikuwa juu ya mti huohuo na msumeno wako. Mkagombana, jirani akawasikia. Ukashuka, ukaondoka bila kuaga. Mtoto wa kaka yako amekuta alama ya msumeno kwenye tawi lililoanguka. Anasema ulilikata nusu ukaliacha lining'inie, kwa sababu ya ile nyumba ya baba yenu mliyoshindwa kugawana. Ni kweli?"

Mkata miti alitazama ukuta.

"Anazikwa leo saa kumi. Unajua?"

"Najua." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aletwe.

"Kama una la kujitetea, sema sasa. Kesho asubuhi unapandishwa kizimbani, na huko si mimi nitakayekuwa nauliza."

Mkata miti akamgeukia. "Wageni mmewakalisha wapi?"

"Wageni gani?"

"Wa msibani. Viti vimewekwa wapi?"

Koplo aliyesimama mlangoni akacheka. "Mzee, unataka tukutengee kiti?"

Inspekta alimtazama Koplo mpaka kicheko kikakatika. Kisha akaandika swali lile kwenye daftari lake, mahali ambapo pangekaa jibu, kwa kuwa ndilo pekee alilopewa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Alikuwa na saa saba kasoro robo za kujua kama mtu huyu anastahili kumtia kaka yake udongo, au kubaki humu akisikia mazishi kwa kuhadithiwa.

*

Nyumba ya marehemu ungeijua hata bila kuelekezwa. Ua wote ulikuwa saruji tupu, toka geti hadi ukuta wa nyuma, umepigwa mistari iliyonyooka kama daftari. Ngazi za mlango, sinki la kufulia, benchi, vyote vilikuwa kazi ya mkono mmoja usiopenda kona zilizopinda. Inspekta aliinama kwenye ngazi ya kwanza. Pembeni, saruji ilipokuwa mbichi, mtu alichora kwa msumari pembetatu ndogo yenye mkia, mfano wa mwiko wa mwashi, na chini yake tarehe. Sinki nalo lilikuwa na pembetatu na tarehe yake.

"Fundi alitia sahihi kazi zake," Inspekta alisema.

"Wangu aliyenijengea choo alikimbia kabla hata ya kukimaliza," Koplo akajibu.

Katikati ya ua palisimama mzambarau mkubwa, saruji imelizunguka shina na kulikaba shingo, hapakuwa na hata kiganja cha udongo. Upande mmoja juu palikuwa na jeraha jeusi pale tawi lilipong'oka. Upande wa pili bado ulikuwa na kivuli kizuri, na kwenye kivuli hicho waombolezaji wapatao arobaini walikaa kwenye viti vya plastiki.

Mtoto wa marehemu aliwapokea. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na minne, macho mekundu, shati amelichomekea kwa nguvu. Hakusubiri kuulizwa. Aliwapeleka moja kwa moja ukutani, kwenye gogo alilolifunika gunia.

"Mkato huu hapa, Afande." Alifunua. Upande mmoja wa gogo palikuwa na mkato wa msumeno, safi, kina cha vidole viwili. "Alikata kwa chini, ili uzito umalizie wenyewe. Baba mdogo anaijua kazi yake. Hakukosea."

"Tawi lenyewe liko wapi?"

"Tulilikatakata jana. Lilikuwa limeziba ua, na watu wa jikoni walitaka kuni."

"Nani aliwaruhusu?"

Kijana alimtazama Koplo. Koplo alitazama viatu vyake.

"Haraka haraka," Inspekta alisema taratibu, na hakuimalizia methali, kwa sababu Koplo aliijua. "Nenda jikoni. Kila kipande ambacho hakijaingia motoni nakitaka hapa."

Wakati Koplo anabeba magogo huku jasho likimtiririka, aliingia getini bibi mmoja mfupi mwenye kikapu. Alikuwa na kitalu cha miche njia panda ya kwenda kituoni, na kwa miaka thelathini alikuwa akiitwa kwenye nyua za watu kuangalia miti inayonyauka. Inspekta ndiye aliyemtumia ujumbe asubuhi. Ndani ya kikapu kulikuwa na nyundo ya mbao na spoku ndefu ya baiskeli.

"Mgonjwa ndiye huyu?" bibi aliuliza, akiutazama mti.

"Mgonjwa ameshakufa, bibi," kijana alijibu kwa uchungu.

"Pole sana, mjukuu wangu. Nauliza huyu aliyebaki."

Alizunguka shina akigonga kwa nyundo, sikio karibu na gome. Ko, ko, ko. Kisha mlio ukabadilika, ukawa mzito na mtupu. Akagonga tena hapohapo. Akachomeka spoku kwenye ufa, ikazama hadi mwisho bila kusukumwa. Chini kidogo, uyoga mgumu ulikuwa umeota kwenye gome, safu juu ya safu. Bibi aliutazama, akawageukia watu waliokaa kivulini, na sauti yake ikabadilika.

"Waondoeni watu hapa. Sasa hivi. Hilo tawi la pili limeshikiliwa na gome tu."

Waliinuka, wengine wakinung'unika kwamba jua kali. Inspekta mwenyewe alibeba viti viwili viwili hadi ukutani. Alipokuwa anaweka kiti cha mwisho ndipo lile swali la mahabusu lilipomrudia. Wageni mmewakalisha wapi? Mtu aliyelikata tawi moja ili liue hana sababu ya kuliogopa jingine. Mkata miti alikuwa anauogopa mti wenyewe.

*

Magogo yalifika kumi. Inspekta aliyalaza sakafuni moja baada ya jingine, akilinganisha unene, mafundo ya gome na miviringo ya ndani, mpaka tawi likarudi kuwa tawi. Ilimchukua karibu saa nzima. Kijana alisimama pembeni, mikono kifuani, akiwa hana hakika kama anachezewa.

"Gogo lako lenye mkato," Inspekta alisema, "linakaa la pili kutoka upande wa shina. Njoo ulitazame. Upande huu limekatwa na shoka lenu la jana. Upande huu pia. Na mkato wa baba yako mdogo uko katikati, haujapasuka. Mbao iliyo juu yake ni nzima kabisa."

Kijana aliinama. Alipitisha kidole juu ya mkato, akakipitisha tena.

"Tawi halikuvunjikia hapa," Inspekta alisema. "Lilivunjikia huku nyuma, kwenye shina."

"Basi alianza tu, akaona haitoshi, akafanya kingine. Kwenye mkoba wake wa kazi mmekuta chupa. Jirani alimwona akiimiminia kwenye kitambaa. Majani ya upande ule yalikuwa ya njano mwezi mzima. Aliupa mti sumu."

Koplo alikuwa na chupa hiyo garini, kwenye mfuko wa vielelezo. Bibi wa kitalu aliifungua, akainusa, akampa kijana naye ainuse.

"Spiriti," alisema. "Anafutia msumeno, asije akautoa ugonjwa kwenye mti mmoja akaupeleka mwingine. Wakata miti kumi ninaowajua, tisa hawafanyi hivyo. Na huu mkato wa chini ndiyo namna ya mtu mwenye adabu. Unaanza chini kidogo, halafu ndiyo unakata kwa juu, ili tawi likianguka lisichune gome la mti likaacha jeraha. Huyu alikuja kulitoa tawi. Hakuachwa amalize."

"Baba alimfukuza," kijana alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwa ndani. Alimwambia ashuke, asiutie mti wake kilema."

"Na majani ya njano?" Inspekta aliuliza.

"Utakula vizuri umefungwa mdomo?" Bibi alipiga kisigino kwenye saruji. "Mizizi inapumua. Hapa maji hayaingii, hewa haiingii. Lakini hilo ni njaa ya polepole, haliangushi tawi. Kilichoangusha tawi ni kuoza kwenye panda, pale tawi linapoachana na shina. Sasa kwa nini pameoza vile, hapo sijui. Nionyeshe kipande cha kwanza kabisa, kile kilichotoka kwenye shina."

Kipande cha kwanza hakikuwepo. Inspekta alihesabu tena: kumi, na mbele ya la kwanza pengo.

"Koplo, jikoni umetoa yote?"

"Yote yaliyokuwa magogo, Afande. Kulikuwa na vipande vipande vimeoza, walishaviwashia moto asubuhi."

Inspekta alienda jikoni mwenyewe. Jiko la msiba lilikuwa nyuma ya nyumba, moto wa kuni, sufuria kubwa juu ya mafiga matatu. Mpishi, jirani mwenye kitambaa kichwani, alikuwa anakoroga kwa mikono miwili. Mafiga mawili yalikuwa mawe ya kawaida. La tatu lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu, mviringo nyuma, na mbele bapa kabisa.

Watu husema figa moja haliinjiki chungu. Inspekta alikuwa na mawili tangu asubuhi, swali la mkata miti na tawi ambalo halikuvunjikia kwenye mkato. Alichuchumaa, akalitazama la tatu.

"Mama, hili jiwe mmelitoa wapi?"

"Hilo? Pale chini ya mti, jana. Tulipungukiwa figa moja. Nikaliona, zito, zuri, nikalivingirisha."

"Naomba muepue sufuria."

"Afande, watu hawajala."

"Watakula. Epueni."

Walilivuta figa lile kando kwa ukuni mrefu, wakalimwagia maji, mvuke ukapanda. Inspekta alilisugua kwa gunia. Nyuma lilikuwa na umbo la shimo lililolilea, na vipande vya mbao nyeusi, laini, bado vimelishikilia. Mbele lilipigwa lipu na kulainishwa, kisha likapakwa rangi ya kahawia, na mtu mwenye subira alichora mistari ya gome kwa ncha ya mwiko. Kazi nzuri mno. Kingo zake zilikuwa na alama pale gome la kweli lilipoota na kuzifunika taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka hakuna aliyejua kwamba ndani ya panda ile mlikuwa na kitu.

Bibi wa kitalu alitikisa kichwa. "Haya ndiyo ninayoyakuta kwenye nyua za watu. Mti una shimo, wanaliziba kama ukuta. Mti unayumba na upepo, saruji haiyumbi. Panatokea ufa mwembamba, maji yanaingia, hayapati pa kutokea. Unaoza kwa ndani na kwa nje unapendeza. Shimo lingeachwa wazi, mti ungejifungia wenyewe. Nani huyu aliyeziba?"

Kwenye kona ya chini, masizi yalipotoka, ilikuwepo pembetatu ndogo yenye mkia, na tarehe ya miaka kumi na tisa iliyopita.

"Hiyo ni ya baba," kijana alisema. Alikaa chini palepale kwenye saruji, na lile shati alilolichomekea likamtoka kiunoni. "Kwa nini aliziba? Na baba mdogo kwa nini hakusema?"

"Bado sijajua," Inspekta alimjibu. Hakudanganya. Lakini alikuwa ameshapiga hesabu ya miaka ya kijana, na hakuipenda.

*

Mjane alikuwa chumbani, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Wanawake waliokuwa naye walitoka. Inspekta alikaa chini, akavua kofia.

"Mama, pole tena. Sina maswali mengi. Nina tarehe moja tu, iliyochorwa kwenye saruji iliyoliozesha lile tawi." Akaisoma.

"Isome tena."

Akaisoma tena.

"Ni siku ya tatu ya kulazwa kwake," mjane alisema. "Mwanangu. Alikuwa na miaka mitano, malaria imempanda kichwani, hanitambui. Daktari akatuambia tuondoe maji yote yaliyotuama nyumbani. Tukamwaga kila ndoo, kila kopo. Mbu hawakuisha. Nikaja nikaona kwenye panda ya mti kuna shimo limejaa maji, viluwiluwi vinacheza. Nikamwambia baba yake, mtoto huyu akifa kwa ajili ya shimo hilo, sitakusamehe. Aliliziba jioni ileile. Shemeji alikuwa anampandishia ndoo za saruji."

Alijifunika uso kwa upande wa khanga. "Kwa hiyo ni mimi, Afande."

"Mama, mlifunga maji. Mtoto akapona."

"Shemeji anajua kwamba ndiyo sababu?"

"Alikuwa anapandisha ndoo. Anayajua yote. Siku ya pili leo hajasema neno la kujitetea."

Hapo ndipo mjane alipolia, kilio ambacho hakikuwa cha mume peke yake. Inspekta alimwacha. Alipotulia, alimwambia lililobaki. "Naweza kuandika kwamba tawi lilioza, likaanguka. Ni kweli, na linatosha kumtoa. Mwanao si lazima ajue liliozea nini."

"Mwanangu amemtia baba yake mdogo ndani," mjane alisema. "Akiona ametoka bila kujua kilichomfunga mdomo, ataendelea kumchukia maisha yake yote. Niitie."

Inspekta alisimama nje ya mlango ulipofungwa. Alitegemea kelele, hazikuja. Kijana alipotoka hakumtazama mtu. Alienda kwenye kamba ya nguo, akachagua shati moja jeupe la baba yake, akalikunja kwa uangalifu.

"Afande, ufunguo wa mahabusu uko kwa nani?"

*

Mkuu wa kituo alisoma ukurasa mmoja, akatia saini. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Mkata miti aliposikia kufuli alisimama, akamwona mtoto wa kaka yake nyuma ya Inspekta, na akaelewa.

"Nani kamwambia?"

"Mama yake," Inspekta alisema.

"Nilikaa kimya kwa ajili hiyo tu."

"Najua."

Kijana alinyoosha lile shati. "Baba mdogo, nilisema maneno juu yako. Niliyaandika na nikayatia saini."

"Ulikuwa umefiwa na baba."

"Ni kwa ajili yangu aliliziba."

Mkata miti hakulipokea shati mara moja. Alimshika kijana mabega yote mawili. "Sikiliza. Ulikuwa unatetemeka kitandani, na baba yako alikuwa mwashi. Angeambiwa azibe mto mzima ili upone, angeuziba, na mimi ningempandishia ndoo. Miti nilikuja kujifunza baadaye. Ijumaa nilipanda nikaona ufa pembeni ya saruji yake, nikamwambia, kaka, tuliue hili tawi kabla halijatuua. Akaniambia kazi yake haijawahi kudondoka." Alimwachia mabega. "Na kweli, yake haikudondoka. Mti ndio uliodondoka. Viti vimehamishwa?"

"Vimehamishwa."

"Basi tumuwahi."

Walimuwahi. Inspekta alisimama nyuma kabisa ya watu, kofia mkononi, Koplo kando yake hana mzaha. Mkata miti, akiwa amevaa lile shati jeupe, alitia udongo mara tu baada ya kijana. Kisha mafundi, waliofundishwa kazi na marehemu mwenyewe, walimwaga zege juu ya kaburi na kulilainisha kwa mwiko hadi likang'aa, kona zote zimenyooka.

Walipokuwa wanakusanya vifaa, kijana aliomba msumari. Alipiga magoti pembeni mwa zege bichi na hakuweza, vidole vilimgomea. Mkata miti alichuchumaa kando yake, akamshika kifundo cha mkono, na pamoja wakachora pembetatu yenye mkia, na chini yake tarehe ya siku ile.